Msitu Haugawanyiki: Wosia kwa Wajukuu Wangu wa Kakamega

Wajukuu wangu,

Nawaandikia nikiwa hapa Shinyalu. Miguu imechoka, lakini akili bado inanitii, namshukuru Nyasaye, Mungu wetu. Kwetu mzee akiona siku zake zinasogea huwaita watoto, akagawa alicho nacho, kisha akasema yale asiyotaka kuzikwa nayo. Ya kugawa nimeyamaliza. Baba zenu na shangazi zenu wanaijua mipaka ya mashamba yao, na ng'ombe kila mmoja ana mwenyewe. Umebaki urithi mmoja ambao sikuugusa, kwa sababu haukuwa wangu peke yangu na kwa sababu haugawanyiki. Urithi huo ni msitu wa Kakamega, na maneno yangu ya mwisho kwenu ni kuhusu huo.

Msidhani nimeupenda kwa kuwa nilizaliwa kando yake. Aliyezaliwa kando ya msitu huuona kama anavyoiona mvua: upo tu. Thamani yake niliijua mbali na nyumbani, kwenye mlima ulioko jangwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 niliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, nikapelekwa Marsabit. Lori lilitoka Isiolo likaingia nchi ambayo kijana wa Isukha hakuwahi kuiwazia. Siku nzima ni mawe meusi ya volkano, vichaka vya miiba, vumbi, na ngamia wa Warendille wakienda kwa safu. Ukivuka jangwa la Kaisut, mlima unaanza kuonekana mbele yako. Unaupanda, hewa inapoa, na kabla hujaamini macho yako umeingia msituni, chini ya miti mirefu iliyofunikwa ndevu za kuvu na kulowa ukungu. Ng'ambo ya pili, chini kaskazini, limelala jangwa la Chalbi, jeupe kwa chumvi.

Mlima Marsabit una takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na vilima vyetu hapa. Tofauti ni kwamba kule hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Msitu huishi kwa mvua chache na kwa ukungu: usiku ukungu unatanda, majani yanaunasa, na asubuhi maji yanadondoka chini hadi yanafika kwenye chemchemi. Katika mashimo ya volkano zilizozimika kulikuwa na maji na majani, na tembo, nyati na tandala wakubwa walishuka hapo kunywa. Wazee wa Kiborana walinieleza kwamba mvua ikinyesha, mifugo hulishwa nyanda za chini, na mlima huachwa upumzike ili kiangazi kikija pawe na pa kukimbilia. Tembo nao walifanya vivyo hivyo: mvua ikinyesha walitawanyika nyikani, kukikauka walirudi mlimani. Watu na wanyama walikuwa na hesabu moja.

Ndipo nilipomwona Ahmed. Shuleni mmesoma habari zake. Alikuwa tembo dume mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe na askari usiku na mchana. Alikufa kwa uzee mwaka 1974, na hadi leo kumbukumbu yake iko kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Hakupigwa risasi, na sisi tuliovaa sare ile tulijivunia hilo. Lakini nataka mlijue na la pili. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Tembo mmoja alipewa ulinzi wa rais, na maelfu wengine wakauawa kwa ajili ya pembe zao. Mnyama mmoja mashuhuri anaweza kuokolewa na amri. Makao ya wanyama huokolewa na watu wanaoishi jirani nayo, kizazi baada ya kizazi.

Jambo kubwa nililorudi nalo kutoka Marsabit ni hili. Ule mlima ni kisiwa. Mti ulioko juu hauna pa kuhamia, kwa kuwa chini ni mchanga na mawe. Chemchemi ikikauka hakuna nyingine ya karibu. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita kaskazini bila mvua ya maana, mifugo ikafa kwa mamilioni katika nchi zile kavu, na habari zilipoletwa redioni nilijua uzito wake, kwa sababu nilikuwa nimeishi pale. Kisiwa hakina akiba nyuma yake.

Miaka ile ya kazi Marsabit, niliporudi nyumbani likizo, nikapanda kilima cha Lirhanda na kutazama chini, nikaona kisiwa kingine.

Wajukuu wangu, zamani sana misitu ya mvua ilitanda kutoka Guinea na Kongo, ikapita Uganda, ikafika huku kwetu. Hali ya hewa ikabadilika, misitu ikarudi nyuma, kisha sisi watu tukamaliza kukata sehemu kubwa ya kilichobaki katikati. Kakamega ndiyo mabaki pekee ya msitu wa aina hiyo katika Kenya yote. Nenda Mlima Kenya, nenda Aberdare, nenda Shimba Hills: kuna misitu mizuri, lakini si huu. Ndiyo maana hapa kuna ndege, nyoka na vipepeo ambao Mkenya hatawapata kokote kwingine nchini mwake.

Marsabit imezungukwa na jangwa. Sisi tumeuzungushia msitu wetu mahindi, miwa, chai na nyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti yetu, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita ya mraba, na jirani zetu wa Vihiga wamepita 1,000. Kwa mbega, shamba la mahindi halina tofauti na mchanga wa Chalbi: hana anachokula humo, hana pa kulala, na mbwa wanamngoja. Sisemi hivi kuwalaumu wakulima. Mimi mwenyewe ni mkulima na nimewalea baba zenu kwa mahindi hayo. Nasema ili mjue tunaishi wapi.

Kisiwa kikipungua, wakubwa ndio hutangulia kuondoka. Wazee wa babu zangu waliwajua tembo na nyati wa msitu huu. Kizazi changu hakikuwakuta. Chui alifuata katika miaka yetu. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye tulimsikia akipiga kelele juu ya miti jioni, leo kumwona ni bahati. Sitaki orodha hii iongezeke mikononi mwenu.

Waliobaki bado ni wengi kiasi cha kumshangaza mgeni, na ni aibu iwapo ninyi wenyeji hamwajui. Kuna aina zaidi ya 300 za ndege na zaidi ya 400 za vipepeo. Kuna mbega, kima na kima wa mkia mwekundu, na ukienda Kisere, kile kipande kidogo kilichotengwa upande wa kaskazini, utamkuta kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, anayependa kukaa kimya karibu na maji. Usiku kuna poto, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, atembeaye polepole kwenye matawi. Kuna bafe wa Gaboni, ambaye rangi zake zinafanana na majani makavu hata unaweza kumpita hatua moja. Kuna siafu wanaosafiri kwa majeshi, na kuna ndege wanaoishi kwa kuwafuata, wakiwadaka wadudu wanaokimbia mbele yao. Siafu wakipungua, na ndege hao wanapungua.

Msidhani viumbe hao wanakaa bure. Mti wa mwiritsa hauwezi kutembea. Hondohondo na kima wanakula matunda yake na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Mtafiti Marina Cords alianza kuwafuatilia kima wa Isecheno, sehemu mojawapo ya msitu huu, mwaka 1979, na vijana wa vijijini mwetu walifanya naye kazi hiyo miaka mingi, wakimjua kila kima kwa sura. Kazi yao imeonyesha kwamba majike hubaki katika kundi walilozaliwa, na dume akikomaa huondoka kutafuta kundi jingine. Fikirini sasa dume anayeondoka akakuta mbele yake kilomita za miwa. Kipande cha msitu kinaweza kuonekana kijani huku damu ya waliomo ikizidi kuwa moja.

Na maji je? Mto Isiukhu hupita kaskazini mwa msitu na kuungana na Nzoia. Mto Yala hupita kusini. Yote miwili hatimaye humwaga maji yake Ziwa Victoria. Miti ikisimama, mvua ya alasiri huingia ardhini na mto hupata maji hata Januari. Miti ikiondoka, mvua ileile hubeba udongo wetu, na Nzoia inapofurika, wanaohama nyumba zao ni ndugu zetu wa Budalang'i. Ukikata mti Shinyalu, kuna mtoto wa Busia anayelala shuleni kwa sababu ya mafuriko.

Sasa nisikilizeni habari za jinsi urithi huu ulivyotaka kupotea, kwa kuwa asiyejua hatari ya jana hutekwa na hatari ya kesho.

Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana hapa Kakamega. Wazungu walikuja kwa mamia na mahema yao. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ikiahidi kwamba ardhi za akiba zingekuwa za Waafrika milele. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikabadilishwa mwishoni mwa 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya migodi bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. "Milele" ilidumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulitaka magogo ya kuegemeza mashimo yake na kuni za kuendeshea mitambo, na miti ikakatwa. Mgodi ulifungwa miaka ya mwanzo ya 1950. Nenda leo Rosterman uulize ni nani aliyetajirika.

Mwaka 1933 msitu ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Hata hivyo wakataji wa mbao waliendelea kuchagua miti mikubwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1967, sehemu za Isecheno na Yala zilitengwa ziwe hifadhi za asili. Mwaka 1985 upande wa Buyangu pamoja na Kisere, takriban kilomita za mraba 44, ukawa Hifadhi ya Taifa ya Kakamega na kukabidhiwa idara ya wanyamapori, ambayo leo ni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Nyayo wa kupanda chai ukingoni ili kuwe na mpaka unaoonekana. Upande wa kusini sasa uko chini ya Shirika la Misitu la Kenya (KFS). Kwenye ramani eneo zima ni takriban kilomita za mraba 240, lakini msitu wa asili hasa haujai hata nusu ya hizo. Sehemu nyingine ni miti ya kupandwa, chai, malisho, na viwanja ambavyo mapera yameshika pale miti ya asili ilipoondolewa. Hakuna aliyeng'oa nusu hiyo kwa siku moja. Iliondoka kwa ekari chache za mtu huyu, kijishamba cha taasisi ile, na ahadi za uchaguzi.

Kwa hiyo nawausia haya.

La kwanza: msikubali msitu ugawanywe. Siku itakuja, na huenda mgombea mwenye sauti tamu ndiye atakayeileta, mtakapoambiwa kwamba vijana hawana ardhi na msitu una nafasi. Pigeni hesabu. Gawanyeni kilomita za mraba 240 za msitu kwa watu wa Kakamega na Vihiga, muone kila mtu anapata nini: kiwanja kidogo kisichotosha hata kulisha kuku. Baada ya kizazi kimoja mtakuwa na njaa ileile, na hamtakuwa na mto. Jueni pia sheria inawaunga mkono. Sheria ya misitu ya 2016 inataka mpaka wa msitu wa umma usibadilishwe bila wananchi kushirikishwa na Bunge kuidhinisha. Haki hiyo msipoitumia, wengine watazungumza kwa niaba yenu.

La pili: pandeni kuni zenu wenyewe. Najua mama zenu hulipia kibali waokote kuni kavu msituni, na najua uzito wa mzigo ule. Shamba hata likiwa dogo lina mpaka, na mpakani panda mti wa lusiola. Hukua haraka, hukatwa ukachipua tena, na nguzo zake kila fundi anazijua. Panda mukomari penye kahawa au ndizi. Jikoni jengeni jiko linalobana moto. Kando ya mito na chemchemi msipande mikaratusi. Pandeni miti ya asili, kwa kuwa mikanda ya miti kandokando ya vijito ndiyo njia pekee iliyobaki ambayo mnyama wa Kisere au wa kipande cha msitu cha Malava anaweza kuifuata.

La tatu: dawa zilizomo msituni zichukueni kwa heshima, au zipandeni. Gamba la mwiritsa hutumika Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa sababu watu waliubandua mti kuuzunguka ukafa wima. Mzizi wa mukombero mnaoutafuna mjini ulikuwa ukichimbwa msituni mpaka ukaadimika. Leo kuna wakulima wanaoupanda na kuuza. Tazameni kikundi cha Muliru. Wakulima wale wa kando ya msitu walianza kupanda mmea wa mwonyi, wakakamua mafuta yake, wakatengeneza marhamu ya Naturub, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakukata mti hata mmoja kuipata.

La nne: jifunzeni majina. Mjukuu wangu anayejua wachezaji wote wa timu ya Uingereza asishindwe kuutambua mti wa mutere. Waongoza wageni wa Isecheno ni watoto wa vijiji hivihivi. Walianza kwa kujua ndege kwa sauti, wakaunda mpango wa KEEP wa kufundisha watoto wa shule kuhusu mazingira, na wengine wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mchezo wetu wa isukuti uliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma ile hutengenezwa kwa gogo la mti na ngozi ya kenge. Mti ukiisha na kenge akiisha, tutacheza kwa kinanda cha simu. Ndugu zetu Watiriki hawakati vichaka vyao vya jando, na vichaka hivyo vimesimama bila mlinzi wa serikali. Kinachoheshimiwa hudumu.

La tano: kuhusu dhahabu. Inazungumzwa tena, huko Isulu, Bushiangala na kwingineko katika Ikolomani, na vijana wengi wanashuka kwenye mashimo. Siwezi kumkataza mtu riziki yake. Lakini ulizeni maswali ambayo baba za baba zetu walinyimwa nafasi ya kuuliza: ardhi itarudishwa na nani, maji yatasafishwa na nani, na mgodi ukifungwa tutabaki na nini? Jibu liandikwe, lisomwe hadharani, kabla shoka la kwanza halijapigwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

La sita: msiwe adui wa askari wa msitu. Nimeivaa sare hiyo. Najua kuna waliochukua hongo wakafumba macho lori la magogo likipita, na hao washtakini bila hofu. Lakini askari mwaminifu ana eneo kubwa na mwili mmoja. Ingieni kwenye chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, kama Muileshi, mhudhurie mikutano, msome hesabu zake, mgombee uongozi wake. Uzio unaweza kuzuia ng'ombe. Hauzuii msumeno wa usiku iwapo kijiji kizima kimeamua kunyamaza.

La saba: kumbukeni majirani. Msitu huu haukuishia mpaka wa Waluhya. Upande wa mashariki unakaribiana na misitu ya Nandi, na mvua ya huko ndiyo maji ya mito yetu. Wanandi na sisi tuna historia ya kuibiana ng'ombe na pia ya kuoana. Chagueni hiyo ya pili. Na mkienda Marsabit kama walimu, askari au wafanyabiashara, wasalimieni Waborana, Warendille na Wagabra, muwaambie kwamba tunajua maana ya kuulinda msitu uliobaki peke yake.

Nimeona mambo mawili maishani mwangu. Nimeona serikali ikitoa amri na amri ikasahauliwa, na nimeona wanakijiji wasio na amri yoyote wakiuacha mti usimame kwa sababu waliamua hivyo. Hilo la pili ndilo lenye nguvu, na liko ndani ya uwezo wenu.

Mvua za masika zikianza, kila mmoja wenu apande mti wa asili mpakani mwa shamba lake, na asiupande tu, aulinde dhidi ya mbuzi mpaka utoe kivuli. Tangazo likitundikwa kwa chifu kuhusu kubadilisha mpaka wa msitu, kuchimba ndani yake au kupitisha barabara, andikeni pingamizi lenu mapema na mlipeleke kwa mkono. Na baraza likiitwa, nendeni nyote, wasichana kwa wavulana, mketi mbele, na mseme wazi kwamba msitu wa Kakamega hauuzwi wala haugawanywi.

Nyasaye awape afya na umoja.

Ni mimi babu yenu,
Shinyalu, Kakamega.